Roketi Ndogo ya Ngomeni

Vyombo vya angani aghalabu husifiwa kwa ukubwa wake. Kila mtu wa rika langu anaijua Saturn V, iliyowapeleka Wamarekani mwezini mwaka 1969. Ni wachache wanaoijua Scout, roketi ndogo iliyorushwa kutoka katika bahari yetu wenyewe. Nataka kuipima hapa kama mwalimu apimavyo kazi ya mwanafunzi: nitaje uzuri wake, nitaje dosari zake, kisha niulize sisi tuliokuwa jirani zake tulijifunza nini.

Scout ilibuniwa katika kituo cha utafiti cha Langley, Virginia, na ikarushwa kwa mara ya kwanza mwaka 1960. Urefu wake ulikuwa mita 23 hivi. Ilikuwa na sehemu nne zilizobebana, moja juu ya nyingine, na zote zilitumia fueli yabisi. Maana yake ni kwamba fueli na kemikali ya kutoa oksijeni zilichanganywa, zikamiminwa ndani ya ganda la roketi, zikaachwa zigande mithili ya mpira mgumu. Hapakuhitajika pampu wala matangi ya kujazwa siku ya safari. Roketi ya fueli ya majimaji yaweza kulinganishwa na jiko la mafuta ya taa, ambalo utambi wake hupandishwa na kushushwa. Ile ya fueli yabisi ni kama fataki: ukishaiwasha, haizimiki. Kosa lolote ulilolifanya wakati wa kuiunda, litaruka nalo.

Ndiyo maana miaka ya mwanzo ilikuwa migumu, na roketi kadhaa zilipotea. Baada ya ajali ya Julai 1963, wahandisi walikaa chini, wakachunguza upya jinsi kila roketi ilivyoungwa na kupimwa, wakaweka utaratibu mmoja wa kufuatwa kwa kila chombo. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Hadi iliporuka kwa mara ya mwisho, Mei 1994, Scout ilikuwa imerushwa mara 118, na sifa yake kuu ilikuwa kuaminika. Wako watakaosema hiyo ni sifa ya mtumishi, si ya shujaa. Kwa maoni yangu ni sifa ngumu zaidi. Kufanya jambo zuri mara moja, wengi huweza. Kulirudia vilevile mwaka hata mwaka ni kazi ya wachache.

Aliyeileta pwani yetu ni mhandisi wa Kiitalia, Luigi Broglio. Yeye alitambua kwamba udogo wa roketi waweza kufidiwa na mahali. Dunia inapojizungusha, watu wa ikweta huchukuliwa kwenda mashariki kwa mwendo wa kilomita 1,670 hivi kwa saa. Roketi ikielekezwa huko, mwendo huo huupata bure, na mbele yake ni bahari tupu. Basi Waitalia wakasimamisha majukwaa yenye miguu ya chuma katika Ghuba ya Ungwana, mkabala wa Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Kati ya mwaka 1967 na 1988, Scout tisa ziliruka hapo, na zote tisa zilifika angani salama.

Iliyo mashuhuri zaidi iliruka tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru. Setilaiti iliyoibeba ilikuwa na uzito wa kilo 140 hivi, nayo ikapewa jina la Uhuru kwa heshima ya wenyeji. Kazi yake ilikuwa kutafuta miale ya eksirei itokayo kwenye nyota, ambayo hewa ya dunia huizuia isitufikie huku chini. Ilikuwa setilaiti ya kwanza kutengwa kwa elimu hiyo peke yake. Iliorodhesha vyanzo 339 vya miale, na vipimo vyake vya Cygnus X-1 viliwasaidia wataalamu kukubali kwamba mashimo meusi yapo kweli. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo ya kisayansi, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Dosari zipo. Mitambo ya Scout ilikuwa na nasaba na makombora ya vita, Polaris na Sergeant, na roketi hiyohiyo ilibeba setilaiti za kuongozea meli za jeshi la wanamaji la Marekani. Asiyetaja hayo hatendi haki. Lakini lawama yangu kubwa siielekezi kwa roketi. Naielekeza kwetu sisi walimu.

Katika miaka yangu ya chuo cha ualimu nilisikiliza mamia ya masomo ya majaribio. Mwanachuo akifundisha habari za anga, alianza na Armstrong na kumaliza na Armstrong. Sikumsikia hata mmoja akiitaja Ngomeni, ingawa baadhi yao walizaliwa mwendo wa saa chache kutoka hapo. Jina la Uhuru tulilipokea kama zawadi ya sikukuu, tukalipigia makofi, tukaliweka kabatini.

Aprili 2023 setilaiti ya Kenya, Taifa-1, ilirushwa kutoka California. Wapo waliosikitika kwamba haikuondokea nyumbani. Mimi simo. Scout haipo tena, na mzigo mdogo kusafiri pamoja na mingine ndani ya roketi kubwa ni jambo la busara na la gharama nafuu. Kinachonikera ni kwamba mtoto wa Ngomeni aweza kumaliza shule bila kuelezwa kwa nini wageni walivuka bahari wakaichagua ghuba ya babu yake, waiache nchi yote iliyobaki.

Somo hilo halihitaji maabara. Lahitaji tufe la dunia, kidole cha kuligeuza kuelekea mashariki, na mwalimu anayejua ya kusema wakati kidole kinapopita juu ya Ungwana.