Mzee Miller Alienda Wapi?

Ugomvi ulianzia kwenye maskani yetu ya Ukunda, siku ya mvua ambayo hakuna mwenye bodaboda aliyekuwa akipata abiria. Jamaa mmoja alisema kwamba katika The Butterfly Effect yule kijana anajinyonga kwa kamba ya kitovu akiwa bado tumboni mwa mamake. Mwenzake akacheka mpaka kahawa ikammwagikia. "Wewe umeota, bwana. Mimi nimeiona mara tatu. Jamaa anapishana na yule msichana barabarani New York, kila mmoja anageuka kwa wakati wake, basi, imeisha." Wakaapizana, wakawekeana dau la soda. Mimi nikaambiwa niamue, manake ndiye "mwandishi" wa pale, ingawa chuo niliacha mwaka wa tatu na ninachoandika zaidi ni matangazo ya nyumba za kukodisha wageni Diani.

Hakuna aliyekuwa akidanganya. Filamu ilitoka 2004 ikiwa na mwisho mmoja kwenye majumba ya sinema, na mwingine kwenye toleo la waongozaji, Eric Bress na J. Mackye Gruber. Ule wa barabarani ndio ulioonyeshwa kumbini. Ule wa tumboni ukatoka kwenye DVD. Huku kwetu hatukuwa na kumbi wala DVD halali. Tulikuwa na duka la muvi, unapeleka flashi, unajaziwa. Mwenye duka hakuuliza unataka mwisho gani. Kwa hivyo mji mmoja umeangalia sinema mbili zenye jina moja, na watu wamekuwa wakibishana miaka yote hii bila kujua ni kwa nini.

Filamu ina miaka ishirini na ushei, kwa hivyo sitaomba radhi nikifichua mambo. Evan Treborn, anayechezwa na Ashton Kutcher, utotoni alikuwa akipotewa na fahamu kila jambo zito linapotokea. Anazinduka, jambo limeshapita, hakumbuki. Daktari anashauri aandike shajara. Akiwa chuoni anagundua kwamba akisoma shajara zile anaweza kurudi kwenye siku yenyewe na kufanya tofauti. Anarudi kumwokoa Kayleigh, msichana aliyempenda tangu utoto. Kila akirekebisha kimoja, kingine kinavunjika. Akiamka mara moja ni mwanachuo mwenye raha, mara ni mfungwa, mara hana mikono. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Huyu jamaa anazoa, na kila akizoa anapata matope zaidi.

Wahakiki wengi wa Marekani waliiponda. Watazamaji hawakuwasikiliza: filamu ya dola milioni 13 ikaingiza zaidi ya milioni 90. Mimi niko katikati. Sehemu ya gerezani ni ya kubabaisha, na kuna kosa ambalo hata wenzangu wa maskani walilishika bila kufundishwa na mtu. Evan anarudi utotoni, anajitoboa viganja, ili mfungwa mwenzake aone makovu yakitokea ghafla na kuamini ni muujiza. "Lakini kama aliumia akiwa mdogo," akasema jamaa wa kahawa, "si yule mfungwa angemjua na makovu yake tangu mwanzo?" Ndiyo. Filamu inavunja sheria yake yenyewe pale. Ila sehemu za watoto zimeshika. Watoto wale wanaogopa kama watoto wanavyoogopa, kimya kimya, huku wakiwaangalia wakubwa usoni.

Maoni ya watu wa huku yanagawanyika mara tatu. Wa kwanza ni watu wa tumboni. Hao wanasema mwisho wao ndio wa kweli kwa sababu ndio mchungu: kama wewe ndiye chanzo cha balaa, ondoka. Wa pili ni watu wa barabarani. Hao wanasema kumpenda mtu kunaweza kuwa kumwacha apite. Wa tatu ni watu kama shangazi yangu wa Msambweni, aliyeiangalia kwenye simu yangu nikimtafsiria. Yeye hakushughulika na wakati wala na kipepeo. Alipoona kwamba babake Evan naye alikuwa na hali hiyohiyo, na kwamba amefungiwa hospitali ya wagonjwa wa akili, akasema, "Huyo ana cha babake. Angepungwa mapema, yote haya yasingekuwa." Ukifikiria vizuri, shangazi ndiye pekee aliyesema kwamba mtoto alihitaji watu wazima wa kumsaidia.

Mimi hapo ndipo iliponikwama. Katika kambi zote hizo, hakuna anayemtaja George Miller.

Miller ni babake Kayleigh, amechezwa na Eric Stoltz. Siku moja Evan ana miaka saba, amepelekwa kucheza kwa kina Kayleigh. Mzee amenunua kamera ya video, anawaambia watoto wanatengeneza sinema ya Robin Hood. Anawashusha chumba cha chini. Evan anapotewa na fahamu, nasi watazamaji tunapotewa pamoja naye. Hatuonyeshwi, lakini tunajua.

Mara ya kwanza niliiona kwenye kibanda cha video, nikiwa darasa la sita. Shilingi kumi, mabenchi, blanketi limezibwa dirishani. Mwenye kibanda alikuwa na adabu zake: palipotokea watu wakibusiana, alipeleka mbele haraka kwa sababu ya sisi watoto. Pale chumba cha chini hakupeleka mbele. Hakukuwa na cha kuficha, manake hakukuwa na kilichoonyeshwa. Tukapita pale kama tunavyopita kaburini usiku, kila mtu akitazama mbele.

Mwaka huohuo kulikuwa na msichana darasani kwetu. Tulikuwa tukirudi shule njia moja. Siku moja aliniambia sentensi moja kuhusu mtu mzima aliyekuwa karibu na kwao. Sikuielewa yote, lakini nilielewa vya kutosha kuona aibu, na kwa ile aibu nikacheka. Hakuniambia tena. Baadaye mambo yalijulikana kwa njia nyingine. Wazee wakakaa, ikasemwa yaishe nyumbani. Msichana akapelekwa kwa nyanyake upande wa Lunga Lunga. Yule mtu akabaki mtaani, na sisi watoto tukaendelea kumwamkia shikamoo.

Sasa rudi kwenye ile miisho miwili. Katika mwisho wa barabarani, Evan anarudi siku alipokutana na Kayleigh mara ya kwanza, wakiwa wadogo, na kumtisha ili asimkaribie tena. Kwa hivyo wazazi wa Kayleigh wanapoachana, yeye na kakake wanachagua kwenda kuishi na mama, badala ya kubaki mtaa ule kwa sababu ya Evan. Wanapona kwa kuhama. Katika mwisho wa tumboni, Evan anajitoa duniani kabisa. Mwisho mmoja, mtoto anahamishwa. Mwisho wa pili, mtoto anafutwa. Katika yote miwili, Mzee Miller yuko nyumbani kwake na hakuna aliyemgusa. Watu wa Ukunda wanabishana ni upi ulio sahihi. Mimi naona ni mwisho mmoja, na ndio ule tuliouamua Msambweni bila mashine ya wakati.

Utasema filamu haikuweza, Evan alikuwa na miaka saba. Lakini iliweza, na inajua kwamba iliweza. Katika safari moja anarudi chumba kile akiwa na akili ya mtu mzima ndani ya mwili wa mtoto, na anamwambia Miller ana kwa ana kwamba anajua anachofanya. Mzee anatetemeka. Maneno tu, ya mtoto, na mtu mzima anaogopa. Ndiyo dakika bora ya filamu nzima. Kisha Evan anaongeza: badala ya binti, amtie adabu mwanawe Tommy. Na ndivyo inavyokuwa. Kayleigh anakua salama, Tommy anabeba mateso ya wawili, na ukatili wake ndio unaompeleka Evan gerezani. Watu huchukua funzo kwamba ukigusa wakati uliopita utaharibu. Mimi naona funzo jingine hapo: Evan alimkabidhi mtoto mwingine kwa mtu yuleyule. Hakuna hata safari moja inayoelekea kwa mamake kumwambia, "Mama, kule usinipeleke." Wala filamu yenyewe haijiulizi kwa nini.

Na si hii pekee. Donnie Darko ya 2001, ambayo vijana wa flashi huiweka folda moja na hii, ina mtu anayeitwa Jim Cunningham, amechezwa na Patrick Swayze, mhubiri wa maisha mema anayependwa mji mzima. Donnie anachoma nyumba yake, na katika majivu zinakutwa picha chafu za watoto. Anakamatwa. Kisha wakati unarudishwa nyuma, Donnie anakufa, na moto ule unakuwa haukutokea. Cunningham tunamwona kitandani kwake analia, na nyumba yake nzima. Sinema hizi mbili ni maarufu kwa kutuumiza vichwa kuhusu wakati. Zote mbili zinamtoa kafara kijana na kumwacha mzee.

Sisemi haya kwa sababu nataka kila sinema iwe kesi ya korti. Nasema kwa sababu ya mahali ninapoitazama. Mnamo 2006 UNICEF na serikali ya Kenya zilitoa utafiti kuhusu unyonyaji wa watoto kingono Pwani, Diani ikiwemo. Walikadiria wasichana kati ya 10,000 na 15,000. Na walisema wazi kwamba wateja si watalii tu, Wakenya walikuwa wengi. Mwaka huohuo Bunge likapitisha Sheria ya Makosa ya Ngono. Sheria ipo, adhabu ipo. Ila bado ukikaa barazani utasikia mtoto fulani "amepelekwa kwa nyanyake", na hakuna anayeuliza amekimbizwa nani.

Kuna jambo moja filamu imelifanya kwa haki, na nalipa heshima yake. Evan anapokuwa mkubwa anakwenda kumwuliza Kayleigh kilichotokea kule chini. Anamkuta mhudumu wa mkahawa, amechoka. Anamwuliza kwa sababu yeye Evan anataka kukumbuka. Kayleigh anamjibu kwa swali: kwa nini hakuwahi kurudi? Usiku huo anajiua. Nilipoiangalia upya mwezi uliopita nilisimamisha hapo, nikatoka nje. Kwa miaka mitano nimekuwa nikisema ningepata shajara zile ningerudi siku niliyojaza fomu ya kuacha chuo. Uongo. Ningerudi kwenye njia ile ya shule, nikanyamaza kucheka.

Lakini hata hilo ni ndoto ya Evan, kudhani kwamba kisa ni changu na kitapona nikirudi mimi. Yule msichana ni mtu mzima sasa, ana maisha yake. Nimeandika haya bila kumtafuta, na sitamtafuta ili nipate kutulia mimi. Kilichobaki si cha kurudi nyuma. Yule mzee bado anaamkiwa.

Siku ile ya mvua, soda haikupata mwenyewe. Niliwaeleza kuhusu matoleo mawili, wote wakaridhika kwamba walikuwa sahihi. Kisha nikauliza, "Na Mzee Miller je, aliishia wapi?" Wakatazamana. Jamaa wa tumboni akatoa simu, akapeleka muvi mpaka dakika za mwisho. Tukainama wote juu ya kile kioo, vichwa vimegusana, tukamtafuta. Mvua ikaisha, abiria wakaanza kuita, na hakuna aliyeondoka mpaka majina ya waigizaji yalipoanza kupanda.

"Hayupo," akasema. "Huyu mtu wamemwacha hivihivi tu?"