"Walipotea": nani alipotea?

Wandugu, nilipokuwa masomoni Marekani nililipa matembezi ya siku moja, ya kuongozwa na gide, kule Mesa Verde, jimbo la Colorado. Niseme ukweli: kwa macho, makuta yangu hayakuenda bure. Cliff Palace ni mji mzima ndani ya pango la ubavu wa mlima, vyumba karibu 150 vya mawe na udongo. Unashuka ngazi za mawe, unapanda ngazi za miti, pumzi inakata juu uko zaidi ya mita 2,000. Mbele ya zile kuta za miaka ya 1200, unanyamaza tu.

Shida yangu ni maneno ya gide wetu, wa kampuni moja binafsi. Mawe aliyajua sana. Alieleza kiva, chumba cha duara cha ibada, hadi tundu la kuingizia hewa. Alipofika kwa wenye nyumba, akasema: "Kisha walipotea. Ni fumbo mpaka leo." Watu wakapiga picha, tukaendelea.

Walipotea namna gani? Ukame mkali ulipiga kuanzia 1276 mpaka 1299. Walihama kwenda kusini, upande wa Arizona na New Mexico. Wajukuu wao ni Wahopi, Wazuni, watu wa Acoma na Wapueblo wengine. Wako. Wanalima mahindi, wanaingia kiva. Sisi wa mashariki ya Congo tunajua hilo: watu wakikimbia kijiji, nyumba zikabaki wazi, utasema ukoo umekwisha?

Na hilo neno si dogo, juu kitu cha waliopotea hakina mwenyewe, kila mtu anachukua. Mwaka 1891 Gustaf Nordenskiöld, Mswidi, alichimba Mesa Verde, akabeba vyombo na mifupa ya watu; mwishoni vikafika makumbusho ya Helsinki. Mwaka 2020 Finland ilirudisha mabaki ya watu 20, na wajukuu wakawazika tena kwao. Waliopotea hawazikaki babu zao!

Lakini nisimrushie gide mawe peke yake. TFC yangu ilikuwa juu ya mapango ya Mont Hoyo, kule Ituri. Nimeisoma tena juzi. "Wambuti waliishi, waliwinda, waliamini…" Kila kitu kimepita! Na Bambuti bako Ituri leo, karibu na yale mapango. Sikumuuliza hata mmoja. Nikapewa pointi nzuri, nikapigiwa makofi.

Basi ukipata nafasi ya kwenda Mesa Verde, nenda, panapendeza kweli. Ila gide akimaliza kueleza mawe, muulize: wenye nyumba wako wapi leo? Na wewe unayeandika TFC yako sasa, jiulize hilo kabla jury haijakuuliza. Mimi hawakuniuliza.