Nani Alilipa Nauli?

Septemba 1959 ndege ya kukodi iliondoka Nairobi kwenda New York ikiwa na wanafunzi 81, wengi wao Wakenya, waliokuwa wamepata nafasi katika vyuo vya Marekani. Kufikia 1963 karibu wanafunzi 800 wa Afrika Mashariki na ya Kati walikuwa wamesafiri kwa mpango huohuo. Hadithi hii imesimuliwa sana, na mara nyingi husimuliwa kwa majina mawili: Tom Mboya aliyeomba na John F. Kennedy aliyetoa. Majina hayo ni ya kweli. Lakini ukiishia hapo hutajua kazi ilifanyikaje, na kijana anayetafuta ufadhili leo hatapata chochote cha kumsaidia.

Tufungue daftari la hesabu. Mwanafunzi wa kwenda ng'ambo hana gharama moja. Ana ada, ana malazi na chakula, ana nauli, ana vitabu na nguo za baridi, ana pasi na viza, ana matibabu. Mboya na wenzake walielewa mapema kwamba hakuna tajiri wala serikali itakayobeba mzigo huo wote kwa mamia ya vijana wa koloni. Wakaugawa. Kila fungu wakalitafutia mlipaji wake, yule ambaye kwake fungu hilo lilikuwa jepesi kuliko kwa mwingine yeyote.

Ada walizipeleka kwa vyuo vyenyewe. Vyuo vingi vya Marekani ni vya binafsi, vikubwa kwa vidogo, na kila kimoja kina mamlaka juu ya viti vyake. Chuo chenye kiti kitupu darasani hakiingii gharama kubwa kikimpa kiti hicho mwanafunzi mmoja zaidi, kwa sababu mhadhiri ameshalipwa na taa zimeshawashwa. Ndiyo maana kuomba vyuo mia kiti kimoja kimoja kulikuwa rahisi kuliko kuomba chuo kimoja viti mia. Katika ziara yake ya Marekani mwaka 1959 Mboya alizunguka kutoka chuo hadi chuo, kutoka ukumbi hadi ukumbi, akihutubia kuhusu uhuru wa Afrika na kuondoka na ahadi za nafasi. Wakati huo alikuwa bado hajatimiza miaka 29, ni katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi Kenya, na yeye mwenyewe alikuwa ameonja ufadhili: mwaka 1955 na 1956 alisoma Ruskin College kule Oxford.

Kuchagua wanafunzi kulifanyika Nairobi. Pamoja na Mboya walikuwapo Julius Gikonyo Kiano na Kariuki Njiiri, na hapa kuna jambo ambalo wasimulizi hulipita haraka: wote wawili walikuwa wamesoma Marekani. Kiano alikuwa na shahada ya uzamivu kutoka California. Kwa hiyo mafaili ya waombaji yalisomwa na watu waliojua chuo cha kule kinataka kuona nini katika barua, na waliojua mwanafunzi atakutana na nini akishafika.

Baada ya hapo likabaki fungu gumu kuliko yote, nauli.

Tiketi ya ndege kutoka Nairobi hadi New York ilikuwa nje kabisa ya uwezo wa mwalimu wa shule ya msingi au karani, na watu wa kada hizo walikuwa miongoni mwa waombaji. Chuo cha Marekani kilikuwa radhi kusamehe ada, lakini kutoa fedha taslimu kwa shirika la ndege ni jambo jingine. Familia iliweza kuchangisha fedha za kuanzia maisha, lakini si bei ya tiketi. Hapa ndipo kijana mwenye barua ya chuo mkononi alipokwama, na ahadi ya udhamini ikapita na mwaka wake.

Aliyeanza kuliziba pengo hilo ni William Scheinman, mfanyabiashara wa Marekani aliyekuwa akitengeneza vipuri vya ndege. Alikutana na Mboya mwaka 1956, wakawa marafiki, naye akaanza kulipia nauli za wanafunzi wachache kutoka mfukoni mwake. Mtindo huo haukuweza kukua. Zikitoka nafasi kumi analipa, zikitoka themanini anafilisika. Suluhisho likawa na sehemu mbili. Kwanza waliunda mfuko rasmi wa wanafunzi wa Kiafrika, ambao ungeweza kupokea michango ya umma, na mchezaji wa besiboli Jackie Robinson, mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier wakatia saini barua ya kuomba michango. Pili, badala ya kununua tiketi mojamoja, walikodi ndege nzima.

Kukodi ndege kulipunguza gharama ya kila kichwa, na hilo liko wazi. Faida ya pili ilikuwa nidhamu. Ndege iliyokodiwa ina tarehe moja. Kila mwanafunzi ilibidi awe na barua ya chuo, pasi, viza na vipimo vya hospitali kabla ya siku hiyo, la sivyo anaachwa. Tarehe ile ililazimisha ofisi, familia na vyuo kukimbia kwa mwendo mmoja. Yeyote aliyewahi kufuatilia nyaraka katika ofisi mbalimbali anajua thamani ya siku ya mwisho isiyosogezwa.

Fungu la mahitaji ya kuanzia walilibeba watu wa nyumbani. Kulifanyika dhifa za chai na ngoma za kuchangisha, na wazazi wakauza mifugo. Serikali ya kikoloni haikufurahia. Ilisema vyuo vingi vya Marekani ni vya viwango vya chini, na kwamba kijana aliyefaulu kweli atapata nafasi Makerere, Uganda. Ilichoacha kusema ni kwamba Makerere ndicho kilikuwa chuo pekee kilichofundisha hadi shahada kwa Afrika Mashariki yote, na viti vyake havikutosha hata kidogo.

Mwaka 1960 mpango ulikua kiasi kwamba michango midogo haikuutosha. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani iliombwa nauli, ikakataa. Tarehe 26 Julai 1960 Mboya alikwenda kumwona Seneta Kennedy nyumbani kwao Hyannis Port, katikati ya kampeni za urais, na taasisi ya familia ya Kennedy ikatoa dola 100,000. Upande wa Nixon, mpinzani wake katika uchaguzi huo, uliposikia, wizara ileile ikageuka na kutangaza kwamba nayo ina fedha. Mfuko ukabaki na Kennedy. Wanasiasa walirushiana maneno Seneti kwa siku kadhaa, lakini kwa mhasibu cha kuzingatia ni kile dola zile zilicholipia. Hazikujenga chuo wala kulipa ada. Zilisafirisha watu ambao viti vyao vilikuwa tayari vinawasubiri, na ndiyo sababu zilikwenda mbali.

Mmoja wa abiria wa Septemba 1960 alikuwa Wangari Maathai. Jina lake lilipita mikononi mwa Kanisa Katoliki, kwa kuwa alikuwa amesoma shule ya Loreto Limuru na ofisi ya askofu ilikuwa ikitafuta vijana wa kupeleka vyuo vya Kikatoliki. Masista Wabenedikti wa Mount St. Scholastica, Atchison, Kansas, walitoa nafasi chuoni. Ndege ilimfikisha New York, na kutoka hapo alipanda basi kuvuka majimbo hadi Kansas. Njiani, huko Indiana, yeye na wenzake waliingia mkahawani kununua kinywaji wakaambiwa hawawezi kukaa ndani, wakanywee nje. Miaka minne baadaye alitoka na shahada ya biolojia, akaendelea na uzamili Pittsburgh, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Hesabu yake moja iligusa kanisa, chuo, mfuko wa safari na familia.

Mpango ule ulikuwa na kasoro, na kasoro hiyo ni ya kihesabu. Baadhi ya wanafunzi waliondoka na udhamini wa ada peke yake. Nauli imelipwa, mwaka wa kwanza umeanza, kisha malazi na chakula vinadai kila mwezi. Wakaosha vyombo, wakafanya vibarua likizo nzima, na mfuko ukalazimika kuendelea kutafuta fedha za kuwaokoa waliokwama. Wakoloni walitaja hatari hii kwa nia ya kuuzuia mpango, lakini hatari yenyewe ilikuwa ya kweli. Nauli hulipwa mara moja. Tumbo hudai miaka minne.

Sasa tuje kwa kijana wa leo anayetafuta ufadhili. Kosa ninaloliona mara kwa mara ni kuanza na majina ya ufadhili badala ya kuanza na mafungu ya gharama. Anauliza, "Ni ufadhili kamili?" Kila mfadhili analipatia neno hilo maana yake. Swali lenye faida ni hili: unalipa nini, na hulipi nini?

Chukua Stipendium Hungaricum ya serikali ya Hungaria, ambayo Wakenya wanaruhusiwa kuiomba. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza au ya uzamili halipi ada, anapata posho ya forinti 43,700 kwa mwezi, na hupewa bweni au forinti 40,000 za kuchangia pango. Ni ufadhili mzuri. Lakini posho hiyo haifiki hata dola 150, na nauli ya ndege haimo. Asiyesoma masharti hadi mwisho atafurahi Juni na kuhangaika Agosti. Ufadhili wa Chevening wa Uingereza ni tofauti: ni wa uzamili wa mwaka mmoja, unalipa ada, posho na nauli ya kwenda na kurudi, lakini unadai uzoefu wa kazi wa saa zisizopungua 2,800 na ahadi ya kurudi nyumbani kwa miaka miwili. Hapo bei hailipwi kwa fedha, inalipwa kwa miaka ya kazi ambayo mhitimu mpya hana.

Ujerumani inafundisha zaidi. Vyuo vingi vya umma havitozi ada; miongoni mwa vinavyotoza ni vya jimbo la Baden-Württemberg, ambalo tangu 2017 hutoza wanafunzi wengi wa nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Kwa hiyo anayehangaika kutafuta mfadhili wa ada kwa ajili ya Ujerumani mara nyingi anatafuta kitu ambacho hakihitajiki. Kikwazo chake ni matunzo: ili apate viza anatakiwa kuonyesha fedha za mwaka mzima, euro 11,904 kwa viwango vilivyoanza Septemba 2024, kwa kawaida katika akaunti maalumu inayomruhusu kutoa kiasi fulani tu kila mwezi. Ufadhili wa DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanataaluma, una thamani hasa kwa sababu unalibeba fungu hilo.

Marekani yenyewe bado inaandika hesabu vilevile kama ya 1959. Chuo kikimkubali mwanafunzi wa kigeni humpa fomu I-20. Ndani yake kuna pande mbili. Upande mmoja ni gharama za mwaka: ada, matunzo, mengineyo. Upande wa pili ni vyanzo vya fedha: za mwanafunzi, za chuo, za wengine. Vyanzo visipofikia gharama, fomu haitoki. Ningemshauri kila mwombaji aichore fomu hiyo kwenye daftari lake kabla hata hajatuma ombi la kwanza, aone ni fungu lipi liko wazi, kisha atafute mlipaji wa fungu hilo. Vyuo vichache tajiri, vikiwemo Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst, hupokea wageni bila kujali uwezo wa familia na hujaza pengo lote linalobaki. Ushindani wake ni mkali mno, na hakuna sababu ya kumwekea mtoto tumaini lote hapo.

Kuna pia gharama ndogo zinazoua maombi makubwa: ada ya mtihani wa Kiingereza, tafsiri za vyeti, ada ya SEVIS (mfumo wa Marekani wa kusajili wanafunzi wa kigeni) ya dola 350, viza, pasi. Nyingi hulipwa kabla mfadhili hajatoa hata senti. Ada ya kutuma maombi chuoni, hata hivyo, mara nyingi husamehewa ukiomba kwa barua fupi yenye uthibitisho wa shule. Na mtu akikudai fedha ili akuhakikishie ufadhili, mwache hapohapo. Wafadhili niliowataja hapa hawauzi nafasi. Mtanzania anayekwenda kusoma shahada ya kwanza nje aanzie pia Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), kwa sababu cheti kisichotambuliwa nyumbani ni hasara hata kama kilisomewa bure.

Nimalizie na wale wasioomba ufadhili ila wana uwezo wa kuchangia. Tunakusanya mamilioni ya shilingi kwa kadi za harusi, tena kwa muda mfupi na kwa utaratibu mzuri. Mwaka 1959 pengo halikuwa akili wala nafasi za vyuo, lilikuwa nauli, na mpaka leo wapo vijana wenye barua za vyuo wanaokwama kwa tiketi na ada za viza. Saccos, misikiti, makanisa, jumuiya za waliosoma shule moja na Watanzania na Wakenya walioko ughaibuni: wekeni mfuko wa nauli. Msijaribu kulipa kila kitu. Lipeni hilo fungu moja, lipeni mapema, na mlipeni shirika la ndege moja kwa moja.