Mbwa Asiyegusa Kuku

Mbwa asiyegusa kuku hazaliwi hivyo, hulelewa. Katika miji ya Wagiriama, kutoka Ganze na Bamba hadi Marafa, kuku hushinda wakichakura uwanjani huku mbwa amejilaza chini ya mwembe, na vifaranga hupita karibu na pua yake asitikisike. Ni mbwa yuleyule ambaye usiku humtimua fungo na asubuhi humkimbiza nguchiro. Kumjulisha mnyama kipi akimbize na kipi akiache ni ustadi, ingawa wenye kuujua hawakuwahi kujisifia.

Waswahili wa Mambrui na Takaungu hawakuuhitaji sana. Kwa madhehebu ya Shafi mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokiramba huoshwa mara 7, mojawapo kwa udongo; uani basi hakuwa na nafasi. Hata hivyo mbwa wa windo, wa mifugo na wa shamba ameruhusiwa, na Surat al-Maida imehalalisha windo lake kwa sharti kwamba awe amefundishwa. Nyuma ya pwani, mbwa alikuwa wa kuwinda paa na kufukuza nyani mahindini. Uwindaji ulipopigwa marufuku Kenya nzima mwaka 1977, kisheria alibakiwa na ulinzi tu, na mlinzi anayekula anachokilinda hafai kitu.

Malezi huanza mapema, mtoto wa mbwa akishaachishwa ziwa. Watafiti wa Marekani, John Paul Scott na John Fuller, walieleza katika kitabu chao cha mwaka 1965 kwamba majuma ya mwanzo, tangu la 3 hadi la 12 hivi, ndiyo mbwa anayozoea wenzake na viumbe wengine kwa wepesi. Wazee walilifanyia kazi jambo hilo bila kulisoma. Mwalimu wa kwanza ni koo mwenye vifaranga. Mtoto wa mbwa husogea akinusa, mkia ukicheza. Koo hujitutumua manyoya, hushusha mbawa mpaka zikagusa mchanga, kisha humrukia usoni. Donoo moja la pua, na mwanafunzi hupiga ukelele akakimbilia chini ya kitanda cha kamba. Anayeketi hapo akichambua mnavu haingilii, labda macho ya mbwa yawe hatarini. Kumwokoa haraka ni kumnyima somo, kumcheka, ruhusa.

Somo la koo halidumu. Miezi ikipita mbwa hupata mbio, na kuku anayepapatika humpandisha mori. Hapa ndipo penye ufundi hasa, maana kosa huanzia machoni kabla ya kufika menoni. Mbwa hukoma kuhema, hufumba kinywa, masikio husimama, mguu wa mbele huinuka kidogo na shingo hunyooka sawa na mgongo. Ni kufumba na kufumbua tu. Mjuzi humkemea papo hapo kwa neno moja kavu, au huvuta kamba ya katani aliyomfunga shingoni. Mbwa akigeuza uso, husifiwa na kurushiwa kipande cha muhogo. Kemeo linalokuja kuku akiwa tayari kinywani limechelewa, na kipigo cha baadaye humfundisha kumwogopa bwana wake, basi.

Chakula nacho kina adabu yake. Mbwa hupewa sima yake kabla kuku hawajamwagiwa mahindi, kwani mwenye njaa hafundishiki. Vichwa na matumbo ya kuku aliyechinjwa hufukiwa, na maganda ya mayai hupondwapondwa. Ipo dawa inayosimuliwa sehemu nyingi duniani, ya kumfunga mbwa mzoga wa kuku shingoni mpaka uoze. Ni ukatili usio na faida: mbwa hakirihiki na uvundo, wala hawezi kuihusisha adhabu hiyo na kosa la juzi.

Siku hizi malezi haya yanapungua. Ardhi ya kuanzia Watamu hadi Kilifi inazidi kukatwa viwanja na kuzungushiwa kuta za mawe. Mbwa mkubwa wa kununuliwa hufungiwa bandani mchana kutwa na kufunguliwa usiku, wakati kuku wamelala, wapi atawazoea? Siku lango likisahauliwa wazi, tetea wa jirani huuawa, kesi huenda kwa mzee wa kijiji, na mwenye mbwa hulipa bei ya kuku mmoja akidhani yamekwisha. Hayajaisha: mbwa ameshaonja. Vijijini nako watoto wako shule, wakubwa kazini, na uwanja hauna wa kuukalia. Ustadi huu hautaki kifaa zaidi ya kamba. Unataka mtu aliyetulia akaangalia, na huyo ndiye adimu.

Mbwa aliyekwisha kuua na kula mara kadhaa ni vigumu kumrudi. Afungwe mchana, au kuku wazungushiwe wavu, na lawama asibebeshwe yeye.