Ukoga wa Mtagata

Lenzi ya baridi ikikutana na mvuke inapofuka papo hapo. Kwa hiyo asubuhi ile, kwenye chemchemi za maji moto za Mtagata, wilayani Kyerwa, mkoani Kagera, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kukaa. Niliiweka kamera juu ya jiwe, nikangoja ishike joto la mahali. Anayeifutafuta anapaka maji tu.

Nilikwenda kupiga watu picha. Tangu enzi na enzi wagonjwa hufuata maji haya. Msafiri Stanley, alipokuwa mgeni wa Omukama (mfalme) Rumanyika mwaka 1876, aliwakuta wakioga. Lakini mtu aliyevua nguo kutafuta nafuu hapigwi picha. Nikainamisha kamera kwenye mawe.

“Mjukuu wangu, mbona unapiga uchafu?” akauliza bibi mmoja aliyekuwa akijikanda magoti.

Uchafu wenyewe ni utando wa kijani, unateleza kama mlenda, na kingoni mwa maji unageuka rangi ya chungwa. Ugumu wake ni mng'ao: jua likipiga juu ya maji, picha inatoka nyeupe tupu. Dawa yake ni filta ya kuzungusha mbele ya lenzi. Unaizungusha polepole, mng'ao unazimika, na chini yake zinajitokeza nyuzi zilizolalia upande mmoja kama nywele zilizochanwa, nyingine zimebeba vipovu vya hewa. Hapo unabana pumzi. Ukitikisa maji kwa kidole, vipovu vinapaa na picha imekwenda.

Wenzetu wanaopiga picha Dallol, Ethiopia, wanahangaika zaidi. Huko volkano hutema maji yenye tindikali kali kuliko ndimu mara nyingi sana, na manjano yake yanayosifiwa duniani ni ya salfa na chuma. Mwaka 2019 wanasayansi walibishana kama kwenye madimbwi makali kabisa kuna kiumbe hata kimoja. Picha nzuri, basi, yaweza kumwonyesha mtu uhai usiokuwepo. Kyerwa haina volkano, na maji yake hayamchubui mtu, ila tahadhari ni ileile: rangi peke yake haitoshi kuandikia maelezo chini ya picha.

Ndiyo maana nilichukua kipande cha utando, kidogo kama punje ya mtama, nikashuka nacho mjini Kayanga. Kwenye hadubini ya kuazima, simu nimeibana juu ya tundu la kuchungulia, niliona uzi wa kijani wenye vyumba vilivyopangana kama sarafu. Ulikuwa unatembea! Taratibu, bila miguu, ukitoka nje ya picha kila nilipopata fokasi. Picha arobaini, moja safi.

Viumbe wa maji moto wamewahi kutufaa. Mwaka 1966 mwanasayansi Thomas Brock alichota bakteria kwenye chemchemi ya Yellowstone, Marekani. Kimeng'enya cha bakteria hao kisichoharibika kwa joto ndicho kilichofungua njia ya kipimo cha PCR, kipimo kilekile kilichothibitisha ugonjwa wa Marburg hapa Kagera mwaka 2023.

Kesho yake nilirudi Mtagata. Shikamoo, marahaba, nikampa bibi simu. Akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu tena, akaitazama kwa muda mrefu.

“Kumbe ndiye huyu,” akasema, “aliyeniangusha mwaka jana.”