Kikapu na Rozari

Mama wa hapa Kihanga, Karagwe, anapoanza kikapu huwa mkimya. Mduara wa kwanza hauzidi kifungo cha shati, na nyuzi za mgomba lazima ziwe na unyevu wa kadiri: kavu mno zinakatika, mbichi mno zinalegea baadaye. Kitako kikienda upande, hakuna rangi itakayokificha. Mduara wa tatu, wa nne, mkono unapata mwendo wake, na kama ni siku ya jumuiya, Salamu Maria zinaingia humo humo, tendo kwa tendo. Sijui kama ni sala inayovuta sindano au sindano inayovuta sala.

Kina mama hawa si masista. Wana waume, migomba, mbuzi. Wanasali pamoja, wanamtazama mgonjwa, kisha kila mtu kwake.

Ulaya nayo iliwahi kuwa na wa namna hiyo, waliokwenda hatua moja zaidi: Mabegini. Tangu karne ya 13, hasa katika Ubelgiji ya leo, waliishi pamoja kwa sala bila nadhiri za daima. Aliyetaka kuolewa aliondoka, na mali yake ilibaki yake. Walisokota sufu, walifua, waliuguza, walifundisha watoto. Nathubutu kusema uhuru wao ulitoka kwenye sufu kabla ya kutoka vitabuni, kwani anayejilisha haombi ruhusa ya kupiga magoti. Vyama vya wafumaji vikanung'unikia bei zao. Wakubwa wa Kanisa wakatilia shaka mafundisho yao. Marguerite Porete, mmoja wao, aliyeandika kitabu juu ya upendo wa Mungu na kukataa kukikana, alichomwa moto Paris tarehe 1 Juni 1310.

Begini wa mwisho, Marcella Pattyn, alifariki Kortrijk mwaka 2013 akiwa na miaka 92. Alizaliwa Kongo ya Wabelgiji. Tumwite basi mtoto wa jirani. Alikuwa karibu kipofu, na mashirika ya watawa yalimkataa. Mabegini wa Ghent walimpokea mwaka 1941. Alifuma, na wagonjwa akawapigia kodiani.

Huku kwetu Karagwe kahawa ina wenyewe, na mara nyingi mwenyewe ni baba. Pesa ya kikapu huamuliwa na aliyekisuka: chumvi, daftari za watoto, na sadaka ya Jumapili ambayo hakumwomba mtu.