Tinga Tinga ni Mnyama Gani?

"Anti, Tinga Tinga ni mnyama gani?"

Mtoto wa dada yangu ana miaka 6. Nilikuwa namwonyesha katuni niliyoipenda nikiwa shule ya msingi. Tembo alikuwa amepita, kiboko na kobe pia. Yeye bado alikuwa anamngoja Tinga Tinga mwenyewe atokee.

Nilicheka, halafu nikaona sina jibu la haraka. Nikiwa mdogo nilidhani ni trekta, maana ndivyo neno linavyosema. Kwa babangu, Tinga alikuwa Raila, na jina hilo nalo lilitokana na trekta, alama ya chama chake cha zamani, NDP. Kwangu mimi, Tinga Tinga Tales ilikuwa Jumamosi: watoto wote wa ploti tumebanana sakafuni kwa jirani mwenye dishi, viatu vimerundikwa mlangoni, na mama mwenye nyumba anatishia kuzima TV tukipiga kelele.

Hapo ndipo kumbukumbu hutucheza. Tukianza zile stori za "siku hizi hakuna katuni", mara nyingi tunachokililia ni ile sakafu. Kwa hivyo nilirudia vipindi vyote nilivyoweza kupata, nione kinabaki nini ukiondoa jirani na dishi lake.

Kinabaki kingi, si uongo. Katuni ilianza kuonyeshwa 2010 kwenye CBeebies ya Uingereza, lakini michoro ilifanyiwa hapa Nairobi, kwa Homeboyz, na wimbo wake ni wa Eric Wainaina. Kila kipindi hakifiki robo saa, na kinajibu swali moja: kwa nini tembo ana mkonga, kwa nini nyoka hana miguu. Mashosho wetu waliujua mtindo huo vizuri. Mnyama anajivuna, au anakosa kusikia la mkuu, mwili wake unageuka, na ndiyo basi. Haurudi ulivyokuwa. Inabidi ajifunze kuishi na umbo lake jipya, na wenzake wajifunze kuishi naye. Kwa katuni ya watoto wadogo, huo ni ukweli mzito, na unasemwa bila mahubiri.

Kinachonisumbua leo ni mahali. Hadithi zimeokotwa pande nyingi za Afrika, kisha zikamwagwa kwenye mbuga moja isiyo na mto wenye jina wala kijiji. Shosho wangu akisimulia, fisi alipita nyuma ya shamba la mtu tunayemjua, ndiyo maana tuliogopa kwenda choo usiku. Na ndiyo, katuni inaongea Kiingereza, ila sina mdomo wa kuilaumu. Hata mimi shosho akiniongelesha kwa lugha yake nilikuwa namjibu kwa Kiingereza. Alifariki nikiwa kidato cha pili. Hadithi ninazoweza kusimulia leo mwanzo hadi mwisho ni za CBeebies. Zake nimebaki na vipande tu.

Halafu kuna lile jina. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa 1932 kusini mwa Tanzania, akaja Dar es Salaam kutafuta kazi kama wengi wetu tunavyokuja mjini. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alianza kuchora wanyama kwenye vipande vya hadibodi, kwa rangi za kung'aa kama zile za kupaka baiskeli. Zile doti, yale macho makubwa, wale ndege wanaojaza ubao hadi pembeni, katuni yetu imevitoa kwake na kwa wanafunzi wake. Alichora miaka michache tu. Mwaka 1972 polisi wa Dar walimpiga risasi akafa, wakidhani ni mhalifu anayetoroka.

Soma tena sentensi hiyo ukiwa Nairobi. Mimi iliniganda kooni.

Sidai kwamba katuni ya watoto wa chekechea ilipaswa kuonyesha bunduki. Iliweka jina la mtu kwenye kila kipindi, na hiyo ni heshima kubwa kuliko wanayopata wachoraji wengi. Deni ni letu sisi tuliokua. Tumeuimba wimbo kwenye kila ploti ya watu wazima, tukashindana nani anaukumbuka vizuri, na hatukuuliza jina ni la nani. Tulilelewa na katuni ya "kwa nini", tukakosa kuuliza hiyo moja.

Kwa hivyo nilimwambia mtoto: Tinga Tinga si mnyama, ni mtu. Alikuwa mchoraji.

"Sasa yuko wapi?"

"Alikufa zamani."

"Kwa nini?"

Nikapunguza sauti ya TV, nikamwambia.